Hodi ya Siku Tatu

Ukifika nyumbani kwa Mwalimu Agnetha, usigonge mlango. Ita hodi kwa mdomo, au simama uani ukohoe, atakusikia. Mchana kutwa mlango wake uko wazi, una pazia tu. Sisi walimu wenzake tumelijua hilo kwa miaka minane na hatukuliona ajabu. Mjane ana haki ya kuwa na mambo yake.

Mimi naitwa Bartholomeo, nafundisha hesabu, na nimebakiza miaka miwili nistaafu. Watoto wananiita Mzee Gawanya wakidhani sijui. Sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Nayasema haya mapema kwa sababu habari za Agnetha siwezi kuzisimulia bila kujitia ndani yake, na mtu akinichukia katikati ya safari asiseme sikumwonya.

Agnetha ni mzaliwa wa Ibadakuli, Shinyanga, ambako ndege zilikuwa zikishuka juu ya paa lao, na mama yake, mwalimu wa kwaya, akilazimika kusimamisha wimbo mpaka mlio upite. Alijua do re mi kabla ya a e i o u. Akasomea ualimu, akapangiwa shule yetu, upande huu wa Nyarugusu, akashuka kwenye basi na kinanda cha betri mgongoni, amekibeba kwa khanga kama mtoto mchanga. Tulicheka hadharani. Watoto wa huku wengi wanatoka kwa wachimbaji, na muziki walioukulia ni mlio wa karasha linalosaga mawe tangu alfajiri. Tukasema huyu binti atakaa muhula mmoja.

Alikaa. Tena akaolewa na Makoye, na hapo tulicheka zaidi. Mwalimu mwenye cheti, anayesoma nota, aolewe na mchimbaji kutoka Tinde ambaye mwezi huu ana pikipiki na mwezi ujao ameiuza! Lakini Makoye alikuwa mtu wa watu, mcheshi, na alikuwa na sikio la muziki. Mimi nilimpenda, ingawa sikumwambia.

Shimo lao, wenyewe wanaliita duara, lilikuwa hatua kama mia mbili hivi kutoka uzio wa shule. Walikuwa wanne. Makoye, Magesa na Ndaki walishuka chini, na Edward alibaki juu kushika kamba. Bomba la chuma lilipeleka hewa chini, na aliyetaka kupandishwa aligonga bomba kwa nyundo. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kugonga, wenyewe waliiita mgongo, ili Edward ajue anamvuta nani na ajiandae na uzito wake. Edward naye alijibu kwa kugonga mara mbili, maana yake nimekusikia, jishike. Asipojibu, mtu hajifungi kamba.

Mgongo wa Makoye ulikuwa huu: mbili za polepole, tatu za haraka, kimya kidogo, halafu moja. Aliuhamishia nyumbani. Akirudi jioni aligonga mlango vivyo hivyo, na Agnetha aliyeko jikoni alijibu kwa mwiko kwenye sufuria, ko, ko, ndipo mwanamume aingie akicheka. Jirani zao walisema wale wawili wamechanganyikiwa. Mimi niliona raha tu.

Machi ya mwaka 2017, Jumanne asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tano mfululizo, duara likatitia na wote watatu walikuwa chini.

Watu walichimba. Walichimba kwa zamu, moja kwa moja kushuka, na kila baada ya muda waliamuru kimya, mmoja akaweka sikio kwenye bomba. Bomba lilikuwa limekatika, halikuleta kitu. Alhamisi mchana maji yakaanza kujaa na kingo zikaanza kuwamegukia waokoaji. Wazee wakaketi na familia. Desturi ya huku ni kwamba mtu asipotolewa, duara linakuwa kaburi lake, na mke ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Asipotupa, hakuna anayethubutu kufukia.

Agnetha alisimama pale na Vumilia, binti yao wa miaka mitatu, kiunoni. Akauliza neno moja tu.

"Kuna mtu yeyote aliyesikia chochote?"

Wakasema hakuna. Edward alikuwepo, akasema hakuna. Mimi nilikuwepo na walimu wenzangu, nikanyamaza. Nitalirudia hilo.

Mzee mmoja akamwambia, "Mayu, mama, walikwenda palepale. Hawakujua kilichowapata."

Agnetha akainama, akachota udongo, akatupa. Tangu siku hiyo neno "palepale" ndilo lililomweka hai. Alimwambia hivyo mama yake, alimwambia hivyo Vumilia alipokua na kuuliza. Baba alikwenda palepale, hakuumia. Maana kama si hivyo, basi yeye ndiye aliyemfukia mumewe akiwa hai, na mtu hawezi kuamka kila asubuhi kupika uji na jambo kama hilo.

Alirudi kazini baada ya siku arobaini, akawa mkali. Bango la do re mi ukutani, kijiti mkononi, watoto wamekaa wima. Kugonga dawati ilikuwa kosa. Watoto walikuwa na mchezo wao wa kugonga gonga wakati wa mapumziko, wanaucheza chumba cha Darasa la Pili, na alikuwa akiwafukuza kabla hata hajafika mlangoni. Mimi nilimuunga mkono. Kelele ni kelele.

Mwaka huu akaitwa semina Shinyanga mjini, ya mtaala mpya. Akarudi amenuna.

"Mwalimu Bartholomeo, unajua wanataka nini? Eti nisianze na bango. Nianze na muziki ambao mtoto anautengeneza mwenyewe mtaani, nimfundishie humo humo."

"Utafundisha karasha," nikamwambia.

"Nitafundisha karasha!"

Lakini Agnetha akipewa kazi anaifanya. Aliwaambia Darasa la Nne kila mmoja alete muziki anaoufanya mwenyewe, usiwe wa redio wala wa kanisani. Kesho yake nilikuwa darasa la jirani nagawanya sehemu, na ukuta wetu ni mwembamba. Nikasikia vizibo vya soda. Nikasikia wavulana watano wanaliigiza karasha kwa midomo, mmoja injini, mmoja mkanda, watatu mawe, na nakuapia ukifumba macho unatafuta pa kukwepa vumbi. Halafu nikasikia Agnetha anacheka. Miaka minane sikuwa nimekisikia kicheko kile. Akawaandikia karasha lao ubaoni kwa nota, nao wakalisoma, wakashangaa kwamba kitu chao kinaandikika. Nilinung'unika, lakini nilisimama karibu na ukuta.

Ndipo msichana mmoja, Zakia, mtoto wa muuza mitumba pale senta, akasema, "Madam, sisi tuna Hodi."

"Haya, tuonyesheni."

"Hapa haichezwi, madam. Inachezwa Darasa la Pili."

"Kwa nini Darasa la Pili?"

"Ndiko iliko. Halafu haiishi siku moja. Tukianza leo, inaisha keshokutwa."

Agnetha alinisimulia baadaye kwamba aliona ni maringo ya watoto tu. Wakati wa mapumziko akaenda na daftari lake la mistari na penseli. Watoto watatu walipiga magoti katikati ya chumba, kwenye saruji, kila mmoja na jiwe. Wenzao wakakaa duara kuwazunguka, wamewageuzia visogo. Sharti la mchezo ni kwamba wa pembeni wasigeuke. Waongee, wale embe, wasukane nywele, ilimradi wajifanye hawasikii. Wa katikati wanagonga kwa zamu, kila mmoja na mgongo wake, bila wimbo na bila neno lolote.

Akaandika wa kwanza. Akaandika wa pili. Wa tatu akagonga mbili za polepole, tatu za haraka, akanyamaza kidogo, akagonga moja.

Alikuja ofisi ya walimu kuomba maji. Aliyanywa yote akiwa amesimama.

"Ni bahati tu," akaniambia. "Watoto wanagonga vitu vingi, lazima kimojawapo kifanane na kitu."

Sikujua anazungumzia nini. Nikamwambia hata hesabu ina mambo hayo.

Siku ya pili nilikwenda naye, kwa udadisi wangu. Safari hii waliopiga magoti walikuwa wawili.

"Mwenzenu wa jana yuko wapi?" Agnetha akauliza.

"Amelala, madam," Zakia akajibu, na aliyelala alikuwa amekaa pale pembeni anatafuna muwa, mzima kabisa. "Leo ni siku ya wawili."

Waligonga polepole kuliko jana. Wa pembeni walikuwa wakipiga soga, mmoja anasimulia mbuzi aliyeingia dukani, wenzake wanacheka, na katikati yao mawe yale yanagonga, yananyamaza, yanagonga. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, milango wazi. Nilikuwa nimekitambua chumba, nimeitambua na kona. Jambo nililolifunga miaka minane lilikuwa linaanza kujifungua lenyewe.

Baada ya masomo Agnetha akaniomba nimsindikize kwa Edward. Tangu mwaka ule Edward hajashika kamba tena. Anatengeneza baiskeli senta, na mikono yake ina makovu ya kamba mpaka leo.

"Mwangaluka, Mama Vumilia," akasalimia kwa salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Alikuwa ameshaanza kuogopa.

Agnetha hakukaa. Akagonga meza yake kwa kidole, mgongo wa kwanza.

"Magesa," Edward akasema.

Akagonga wa pili.

"Ndaki. Mayu, umeyatoa wapi haya? Haya yalikuwa yetu sisi wanne."

Wa tatu Agnetha alishindwa kuugonga, kidole kilibaki hewani. Edward ndiye aliyeumalizia, taratibu, kwa spana kwenye fremu ya baiskeli. Kisha akalia, mtu mzima, mbele ya wateja. Akatuambia kitu ambacho hakumwambia mtu hata siku ya Alhamisi ile. Mwamba wenye dhahabu uligeuka kuelekea shuleni, nao wakaufuata kwa siri, karibu mwaka mzima, mpaka chini ya madarasa. Kuchimba chini ya shule ni kifungo. Kwa hiyo waokoaji walipochimba kushuka moja kwa moja, yeye alijua wanachimba pasipo na watu, akanyamaza, akijiambia kwamba kwa vyovyote wameshakufa.

"Walikuwa chini ya Darasa la Pili," akasema.

Agnetha akageuka, akarudi nyumbani.

Siku ya tatu aliyepiga magoti alikuwa mmoja, naye ni Zakia mwenyewe. Mgongo ulikuwa wa Makoye. Mbili, tatu, kimya, moja. Mara ya kwanza kwa nguvu, kisha kidogo kidogo ukawa mzito, zile tatu za haraka zikawa si za haraka tena, kile kimya kikarefuka mpaka unadhani imekwisha, halafu inakuja ile moja. Wa pembeni wakasimama wote pamoja. Wakatoka nje, wakarudi kila mmoja ameshika udongo kwenye kiganja. Wakaanza kuutupa katikati, mmoja mmoja, wasichana wakitangulia. Zakia, udongo ukiwa kwenye nywele zake, aliendelea kugonga.

Agnetha akauliza, "Mbona mnatupa udongo na yeye bado anagonga?"

Walimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mpira una magoli.

"Ndiyo mchezo wenyewe, madam. Hawamsikii."

"Nani aliwafundisha?"

Hawakujua. Waliukuta. Waliokuwa darasa la juu yao waliukuta pia. Mtoto mmoja akasema dada yake aliwahi kusema mwenye mchezo ni Mageni, yule aliyekwenda sekondari ya bweni.

Niliwaambia watoto watoke. Agnetha alikuwa amekaa kwenye kidawati cha Darasa la Pili, magoti yamefika kifuani, na udongo umetapakaa mbele yake. Nikamwambia. Sikuwa na namna nyingine. Sijui kama ni ujasiri, nadhani miguu yangu ilikuwa imechoka tu kunibeba nalo.

Jumatano ile ya mwaka 2017 mimi nilikuwa nimeshika Darasa la Pili, kwa sababu mwalimu wao alikuwa kule kwenye duara akisaidia kupika. Mageni alikuwa na miaka minane. Akanyoosha mkono katikati ya jedwali la tatu.

"Mwalimu, tangu jana chini kuna watu wanagonga."

Darasa likacheka. Nikaona ananiharibia kipindi, tena kwa mzaha wa msiba. Nikampigisha magoti pale pale kwenye kona, saruji tupu, vipindi viwili. Akaweka viganja sakafuni. Nikaona vidole vyake vinachezacheza, nikadhani ni kiburi, nikamwongezea muda. Sasa naelewa alikuwa anafanya nini. Alikuwa anawasikiliza kwa magoti na anawarudia kwa vidole, mpaka akawajua mmoja mmoja. Alhamisi asubuhi akaniambia tena, kwa sauti ndogo, kwamba sasa amebaki mmoja. Sikumjibu. Na mchana wake Agnetha alipouliza kuna aliyesikia chochote, nilikumbuka. Nilikumbuka, nikaona haya kupeleka maneno ya mtoto mbele ya wazee.

Nilipomaliza, nje watoto walikuwa wanacheza mpira.

"Vipindi viwili," Agnetha akasema.

"Viwili na zaidi."

"Basi kuna mtu alikaa na Makoye."

Akachukua daftari lake, akatoka. Kwa wiki tatu alisalimia kila mtu ofisini, hadi mpika uji, akanipita mimi. Niliona ni haki yangu. Nyumbani kwake taa iliwaka mpaka asubuhi, majirani walisema, na Vumilia akapelekwa kwa bibi yake Ibadakuli kwa muda.

Hakuupiga marufuku mchezo. Aliuandika wote kwa nota, siku zote tatu, sehemu ya kila mtu, akaubandika ukutani kando ya bango la do re mi. Juu akaandika "Hodi", na chini yake, "Mageni". Karasha nalo likabandikwa, na vizibo vya soda. Watoto walikuwa wakijipanga kuutazama muziki wao. Mimi nilikuwa nikipita nimegeuza uso.

Lakini masikio hayageuzwi. Kila baada ya siku chache walianza tena, watatu, wawili, mmoja, na ukuta wangu wa upande wa Darasa la Pili nao ni mwembamba. Siku moja ya tatu, ile moja ya mwisho ilichelewa sana kuja, nikajikuta nimeweka chaki chini, nimeacha watoto niliowazuia wasitoke mapumziko na hesabu ubaoni, niko mlangoni kwa Darasa la Pili. Walikuwa wameshashika udongo.

"Subirini," nikasema.

Nikapita katikati yao. Kupiga magoti kwa umri wangu si kazi ndogo, saruji ile ni ngumu, na niliihisi yote. Nikaokota jiwe, nikagonga mara mbili.

Zakia akaacha kugonga, akanikodolea macho.

"Mwalimu, mchezo hauna hiyo."

"Najua."

Hakuna aliyecheka. Walitazamana, na mkono mmoja baada ya mwingine ukamwaga udongo wake chini. Kisha mtoto mdogo kuliko wote, ambaye baba yake anashika kamba kwenye duara mpaka leo, akapaza sauti, "Amesikika! Vuteni!"

Wakajipanga mstari mara moja, mguu mmoja mbele, kama wanavyowaona baba zao, wakashika hewa. Nikanyanyuka nikashika nami, mwisho wa mstari, nikiona aibu. Hapo nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Ni Agnetha, daftari kalitia kwapani, mikono yake imeshika pale ilipoishia yangu.

"Vuta, Mwalimu," akaniambia. Lilikuwa neno la kwanza kwa wiki tatu.

Tukavuta. Mimi si mtu wa mizimu, sijawahi kukanyaga kwa mganga, na miaka yote nimefundisha kwamba sifuri ni sifuri. Mikononi mwangu hamkuwa na kitu. Lakini tulivuta mpaka jasho likanitoka, watoto wakihema mbele yangu na Agnetha akilia nyuma yangu, na ile kamba ilikuwa nzito.